Magoli Ambayo Sijawahi Kuyaona

Jumatatu, 4 Machi

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Punje: sijawahi kuona goli langu hata moja. Mpira ukija kichwani nafumba macho. Nayafumba kabisa, kama mtu anayesubiri sindano. Nasikia "pu", nasikia watu wanapiga kelele, nafumbua, na mpira ama uko wavuni ama uko kwenye majani nyuma ya goli. Kwa hiyo nikiulizwa, "Lile ulilipigaje?" huwa natabasamu na kuangalia viatu vyangu, na watu husema nina adabu.

Mimi ni mshambuliaji wa timu ya wasichana ya shule. Sikuomba. Nilipoingia shuleni hapa nilikuwa nimeshampita urefu mwalimu wa zamu, na mtu wa kwanza kunisemesha aliniuliza kama nacheza mpira kabla hajaniuliza jina. Jina langu uwanjani ni Ngazi. Mama wa maktaba naye hunitumia kama ngazi ya kufikia rafu ya juu kabisa, lakini yeye angalau huniachia kitabu.

Leo mvua imeanza. Kocha mpya naye ameanza.

Jumatano, 6 Machi

Kocha mpya ni mwalimu wetu wa Jiografia. Mpaka mwaka jana timu ilifundishwa na Baba, kwa kujitolea, jioni akishuka kazini. Baba ni fundi wa paa, kwa hiyo kushuka kwake kazini ni kushuka kweli. Sasa shule imesema kocha lazima awe mwalimu. Baba amesema hana neno. Akisema hana neno, ujue maneno yako njiani.

Mfumo wa Baba ulikuwa mmoja. Beki akipata mpira, Baba anapaaza sauti, "Juu!" Beki anaupiga juu, mimi naruka. Baada ya hapo ni bahati yetu.

Mfumo wa Mwalimu una mishale mingi ubaoni kiasi kwamba mwanzoni nilidhani ni mikondo ya bahari. Anasema mpira wa kisasa unachezwa chini. Anasema mshambuliaji mrefu wa kusimama mbele na kungojea mipira ya juu ni kama simu ya mezani. "Inafanya kazi, sikatai. Lakini nani anaitumia?"

Timu nzima ikanigeukia. Punje, ambaye ni winga wetu na ndiye mfupi kuliko wote na ndiye rafiki yangu, akaninong'oneza sikioni, "Krii, krii."

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Hakuna mazoezi. Nimesoma.

Jumamosi, 9 Machi

Mechi ya kwanza ya mashindano ya shule. Nataka kuieleza taratibu kwa sababu bado nina hasira.

Mwalimu alitupanga vizuri. Mpira chini, pasi fupi, mimi nishuke katikati kuupokea. "Na mpira wa juu ukipigwa kwenda kwa Ngazi," akasema, "Ngazi anatoka. Sitaki kishawishi uwanjani." Nikainua mkono niulize kwa nini nitoke mimi badala ya aliyeupiga, kisha nikaushusha. Hakuuona. Mkono wangu ulivyo mrefu, kutouona kunataka juhudi.

Mwanzo ulienda sawa. Halafu beki wetu wa kati akapata mpira, akawa anatafuta wa kumpa, na kutoka nyuma ya kamba ikaja sauti ya Baba. Kutwa nzima Baba anazungumza na watu walio chini yake kwa kimo cha nyumba. Sauti yake haijui kunong'ona.

"Juu!"

Beki akaupiga juu. Hakufikiri. Ilikuwa kama goti linapogongwa na daktari. Nikaruka, nikafumba macho, nikagongana na mabeki wawili wa upande wa pili, ambao nao walikuwa wamesikia "Juu!" kama alivyosikia kila mtu mpaka wapita njia.

Mwalimu akaniita nje.

"Lakini sikuuomba," nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo sana. Nadhani aliyenisikia ni chupa ya maji.

Tulishinda moja bila, goli la Punje. Njiani Baba akaniambia, "Umeona? Wamekutoa, ikabidi washinde kwa kubahatisha."

Jumapili, 10 Machi

Mezani.

"Eti mwalimu wako anasema warefu tumepitwa na wakati?"

"Wanaosimama mbele kungojea tu, Baba."

"Mimi nilisimama mbele kungojea miaka yangu yote katika timu ya kiwanda. Mabeki wakiniona walikuwa wanaomba ruhusa warudi kwao."

Mama alikuwa anashona upindo wa sketi ya mtu, pini zimejaa mdomoni. Mama ni mshonaji na huzungumza vizuri kabisa akiwa na pini. "Mume wangu, hata bugaluu, na upana wake wote wa chini, ilikuwa suruali."

"Na bugaluu ikarudi!"

"Ikarudi imepunguzwa."

Mdogo wangu akaacha kutafuna. "Kwa hiyo dada ni suruali?"

Niliondoka mezani. Hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Jumanne, 12 Machi

Nimekwenda maktaba kutafuta ukweli, kama ninavyofanya siku zote, na kama siku zote nimerudi nimechanganyikiwa zaidi. Kitabu kimoja cha zamani, chenye picha za wanaume waliovaa bukta zinazofika magotini, kinasema mshambuliaji mrefu ni nguzo, timu isiyo na nguzo haina nyumba. Gazeti moja la michezo lililokunjwa ndani ya kitabu kingine linasema nguzo hizo zimekwisha, siku hizi mshambuliaji anatakiwa ashuke, azunguke, awavute mabeki wasijue wamkabe nani. Gazeti la mwaka huu huu linasema warefu wanarudi, kwa sababu mabeki wamezoea kucheza na wafupi mpaka wamesahau kuruka, ila sasa mrefu lazima ajue pia kukimbiza, kupokea na kutoa pasi.

Kwa hiyo mimi, mtu mmoja, kwa kukaa tu kwenye kiti cha maktaba, nimekuwa nguzo, nikaisha, nikarudi. Hakuna aliyeandika nguzo yenyewe inafikiri nini.

Jumatano, 13 Machi

Mvua.

Ijumaa, 15 Machi

Mwalimu ananifundisha kupokea mpira nikiwa nimelipa goli mgongo. Punje anasimama nyuma yangu kama beki na kazi yake ni kunisumbua. Anaipenda kazi hii kupita kiasi.

"Mguu wa mbali na adui!" Mwalimu anasema. "Kiwiliwili kiwe ukuta. Halafu toa!"

"Wewe Ngazi, una mbavu ngumu," Punje analalamika. "Kama nakaba kabati."

Kusema kweli ni kazi nzuri. Ni ya kufikiri. Mpira ukiwa chini nauona njia nzima tangu unapotoka mguuni mwa mtu, na macho yangu yanabaki wazi bila kuambiwa. Nilikuwa nimeamua kumchukia Mwalimu muhula mzima. Nimeamua kuahirisha.

Jumamosi, 16 Machi

Mechi ya pili. "Juu!" Nikatolewa. Sare.

Jumatatu, 18 Machi

Nilijikaza nikamfuata Mwalimu baada ya kipindi. Nilikuwa nimeandika sentensi yangu kiganjani ili nisiisahau, lakini jasho likaifuta.

"Mwalimu, wanaopiga mpira juu ni mabeki. Na wanaupiga kwa sababu ya Baba."

"Najua."

"Sasa kwa nini natoka mimi?"

Akavua miwani, akaifuta. "Ukiwa nje, mzee haiti. Nimejaribu, nimeona." Halafu akainamia meza kama anayetaka kuniambia siri ya mtihani. "Mwambie anyamaze."

"Mwambie wewe, Mwalimu."

"Mimi? Mzee yule ndiye aliyeniezekea nyumba. Tangu hapo sijaweka ndoo sebuleni. Nitamwambiaje anyamaze?"

Mtu mzima! Mwenye digrii! Anaogopa paa lake lisije likasikia.

Ijumaa, 22 Machi

Nilijaribu kumwambia Baba wakati tunakunywa chai. Nikasema, "Baba, kuhusu kesho." Akasema, "Kesho nitasimama upande wa pili, sauti ifike vizuri zaidi."

Nikamalizia chai yangu.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimekaa benchi mwanzo mpaka mwisho, na Baba akaita "Juu!" hivyo hivyo. Mwalimu alikosea; nje au ndani, mzee anaita. Mara kwa mara mipira ilipigwa juu kwenda mahali ambapo ningekuwa, ikaanguka pale peke yake, na watu wote uwanjani wakageuka kunitazama mimi niliyekaa na koti la mvua mapajani. Sijui nilitakiwa niombe radhi kwa nani.

Tumeshinda mbili kwa moja. Tuko nusu fainali.

Jambo lingine, nililiona kwa sababu nilikuwa nimekaa. Baba akiita, anainuka kwa vidole vya miguu. Shingo inarefuka, mabega yanapanda, mkono wa kushoto unatoka kidogo kama anayemsukuma beki. Anaruka na mpira ule, ila miguu haitoki chini. Nilikuwa nimejiandaa kumkasirikia mpaka nyumbani, na ile picha ikaniharibia.

Jumatano, 27 Machi

Maktaba inavuja. Mama wa maktaba ameweka sufuria juu ya meza ya kusomea na ameifunika rafu ya kamusi kwa turubai. Nimemsaidia kuhamisha vitabu mpaka kengele ya jioni. Alikuwa anakaribia kulia, na mimi pia, lakini yeye ana haki zaidi.

Ijumaa, 29 Machi

Mwalimu ameona video mpya. Amekuja mazoezini uso umemng'aa. Timu kubwa sasa zinatafuta tena washambuliaji warefu, anasema, ila wenye miguu.

"Kumbe simu ya mezani imerudi, Mwalimu?" Punje akauliza.

"Imerudi haina waya."

Nusu fainali Jumamosi ijayo naanza mimi. Nilifurahi kwa muda wa kutosha kufunga kamba ya kiatu kimoja. Kisha akaja karibu. "Lakini mzee akiita mara moja tu, na mpira ukaenda juu, nakutoa na humalizi muhula kwenye timu. Siwezi kuwafundisha mabeki masikio mapya. Kaa naye."

Kaa naye! Kama vile mimi ndiye mzazi.

Jumamosi, 30 Machi

Leo nitaandika sana.

Shule imempa Baba kazi ya kuziba paa la maktaba, na kibarua wake anaumwa, kwa hiyo nimekwenda mimi. Mvua ilitupumzisha asubuhi. Kazi yangu ilikuwa kusimama chini, kulisimamisha bati wima ukutani, na kungoja. Baba akiwa tayari juu, anaita "Juu!", mimi nalisukuma bati kwa nguvu zote, yeye analidaka kwa ukingo na kulivuta. Kwa urefu wangu bati linafika mikononi mwake kabla hajainama sana. "Kibarua mzuri wewe," akasema. "Nakusomesha bure." Ulikuwa utani, na nilicheka.

Tulikwenda hivyo vizuri. Halafu Mama wa maktaba akatoka nje kutusaidia. Masikini, alikuwa na wasiwasi na vitabu vyake, wingu lilikuwa linarudi, na alimwona Baba amekaa kimya kule juu amegeuza mgongo. Akaona tumezubaa. Akaita yeye: "Juu!"

Nikasukuma. Hata mimi! Nimesikia "Juu!" na mikono ikaenda yenyewe.

Baba alikuwa anachomoa msumari wa zamani. Alisikia bati linakwaruza ukingo, akageuka, akalikwepa kwa kulala ubavu. Bati likapita pale ilipokuwa shingo yake, likasimama kidogo, likarudi chini. Niliruka pembeni. Likaanguka kwenye tope.

Kisha ile sauti.

"Nani ameita?"

Mama wa maktaba aliweka mkono mdomoni.

"Dada yangu," Baba akasema kutoka juu, na nilisikia anajizuia, "kwenye paa anaita mtu mmoja tu. Anayepokea. Mimi ndiye najua mkono wangu uko wapi. Mimi ndiye najua mguu wangu umekanyaga nini. Wewe hapo chini unaona nini? Unaona mgongo! Ukiita wewe, wananiletea kitu ambacho siko tayari nacho, na akiumia mtu ni mimi." Akakunja mkono wa shati, akamwonyesha kovu refu chini ya kiwiko. "Hili aliita jirani. Alikuwa ananisaidia."

"Nisamehe sana, fundi."

"Hujakosea kwa ubaya. Lakini usiite tena."

Mama wa maktaba akaingia ndani. Mimi nilibaki nimeshika ukuta, na nikasikia mtu anasema, "Baba, na uwanjani anaita nani?"

Mtu huyo alikuwa mimi. Na nilikuwa nimesema kwa sauti ya kufika juu ya paa.

"Unasemaje?"

"Uwanjani anayepokea ni mimi. Wewe unaona mgongo wangu."

Akautia mfukoni ule msumari wa zamani.

"Unaita, beki anapiga, na mabeki wao pia wanakusikia. Nagongwa mimi. Halafu natolewa mimi. Jumamosi ukiita, sitacheza tena muhula huu." Nikaona kwa kuwa nimeshaanza afadhali nimalize. "Na mipira ya juu naiogopa. Nafumba macho. Magoli yote yale sijaona hata moja."

Baba alinitazama. Kutoka chini alionekana mdogo, jambo ambalo halijawahi kutokea. Tone la mvua likanipiga kwenye paji la uso.

"Futa hilo bati tope," akasema.

Nikalifuta. Nikalisimamisha ukutani, nikangoja. Akakaa sawa, akakanyaga, akanyoosha mikono.

"Juu," akasema. Si kwa kelele.

Tulimaliza kabla mvua haijakolea.

Jumapili, 31 Machi

Baba kimya.

Jumatatu, 1 Aprili

Baba kimya. Mama ameniuliza kama nimemvunjia kitu. Nikasema labda.

Alhamisi, 4 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Maktaba haivuji. Mama wa maktaba amenibusu shavuni mbele ya watu. Alilazimika kupanda kiti.

Jumamosi, 6 Aprili

Uwanja ulikuwa tope tupu. Baba alikuja. Alisimama nyuma ya kamba, palepale pa siku zote, mikono mifukoni, meno yameumana kama mtu aliyeshikilia misumari mdomoni.

Na hapo ndipo nilipogundua hatukuwa tumefikiria jambo moja. Beki wetu alipata mpira, akageuka kumtazama Baba, akangoja. Baba akaangalia mawingu. Beki akanyang'anywa mpira. Ikatokea tena, na mara ya tatu wakatufunga. Mabeki wetu hawakuwa wamewahi kucheza bila kuitiwa. Walisimama na mpira kama watu waliosahau walichoendea sokoni. Mwalimu alikuwa anapiga kelele za mishale yake, "Pembetatu! Pembetatu!" na hakuna aliyeelewa.

Mapumziko Punje akanikamata jezi. "Wewe unaona kila kitu kutoka huko juu. Kwa nini husemi?"

"Si unajua mimi siwezi kupiga kelele."

"Basi tutafungwa kwa adabu."

Kipindi cha pili, beki akapata mpira na akaanza tena kutafuta sauti. Nilikuwa nimelipa goli mgongo, mabeki wawili wameniegemea, mguu wangu wa kushoto umezama lakini umeshika. Nilijua umekanyaga nini. Hakuna mtu mwingine aliyejua.

"Chini!" nikaita.

Ilitoka vibaya, kama mlango wa zamani. Beki akashtuka, akanitazama mimi, akaupiga chini. Ukaja unarusha maji. Niliuona njia nzima. Nikauweka mguu wa mbali, mabeki wakanisukuma, nikawa kabati. Punje akapita ubavuni kwangu mbio. Nikautoa mbele yake, nikageuka, na nikaona yote: mguu wake, mpira ukipita chini ya mkono wa kipa, wavu ukimwaga maji yake yote kwa pamoja.

Sikujua kwamba wavu unafanya hivyo.

Tuliishia moja moja, na penalti zikatutoa. Niliita mpaka filimbi ya mwisho, chini, nyuma, kushoto kwako, na sasa sina sauti. Sikutolewa. Mwalimu alinipa mkono na kusema kuna video anataka nione. Nilimwambia sitaki kuona video yoyote mpaka mvua ziishe. Nadhani alisikia.

Njiani Baba alinibebea viatu. Tulikaribia nyumbani ndipo akafungua mdomo.

"Ile ya dakika za mwisho, kona ile, ungepiga kichwa..."

"Baba."

"Haya, haya." Tukatembea. "Unafumba yote mawili?"

"Yote."

Akafikiri. "Mimi nilikuwa nafumba moja."

Nilicheka mpaka ikabidi nisimame. Yeye hakucheka, alikuwa ananiambia kweli, na nadhani nami nilikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

Nilipofika nilitundika jezi, nikanawa miguu, nikamwita mdogo wangu nje na mpira. Nikamweleza asimame karibu na ukuta, ashike mpira, na asirushe mpaka nimwite. Nikakanyaga sawa. Nikafumbua macho mpaka yakauma.

"Juu!" nikamwita, kwa kile kilichobaki cha sauti yangu.

Ukanipiga puani. Nikamwambia aurudishe pale ukutani, asubiri niite tena.